Kutoka Bila Kumwacha Mtu Nyumbani: Mwongozo wa Matembezi ya Miti na Bahari, Mombasa

Nyumbani kwetu kuna watu wawili ambao kwa miaka tulikuwa tukiwaacha. Mama alipigwa na kiharusi upande wa kushoto na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mpwa wangu ana miaka tisa na ana usonji. Familia ikipanga kutoka, mmoja wetu alibaki nao, na sote tukaona hiyo ndiyo huruma. Siku tulipokata shauri kwenda pamoja tulichagua sikukuu ya Idi, ufuo wa umma, saa kumi jioni. Kiti kilizama mchangani hatua sita tu kutoka kwenye lami. Spika tatu zilikuwa zikishindana, ngamia akapita karibu na uso wa mtoto, na hata mkeka haujatandikwa, mtoto kajiziba masikio na kuanza kujigonga kichwa. Tulikaa dakika kumi na moja. Nauli ilikuwa ya siku nzima.

Tangu hapo tumetoka mara nyingi, na nyingi zimefana. Ufuo ni uleule na mtoto ni yuleyule. Tulichobadilisha ni saa, siku, na tabia ya kwenda kupima kabla ya kwenda kutembea. Haya hapa ni mambo tunayoyafanya, kwa mpangilio tunaoufuata. Nimeyaandika kwa Mombasa kwa sababu ndiko ninakokujua.

Hatua ya kwanza: muulize mwenyewe

Watu wengi huanza kwa kuchagua mahali. Anza na mwili wa anayekwenda. Na swali umuulize yeye aliyekikalia kiti, usimuulize anayekisukuma. Mama yangu alikuwa hajaulizwa anataka kwenda wapi tangu augue. Nilipomuuliza akasema hataki kuona wanyama, anataka kusikia maji. Hapo hapo nusu ya mipango yangu ikafutika.

Uliza anaweza kuketi muda gani kabla ya kuchoka au kuumwa. Uliza anakwenda choo kila baada ya saa ngapi. Uliza ni kitu gani humkera zaidi: joto, mwanga, kelele, harufu, kuguswa na watu, au kungoja. Kwa mtoto asiyesema, jibu utalipata kwa kumtazama wiki nzima. Mpwa wangu hawezi king'ora cha pikipiki lakini ngurumo ya jenereta anaipenda, ataisimamia karibu kama wengine wanavyosimamia televisheni. Kwa hiyo msituambie “watu wa usonji hawapendi kelele.” Huyu ana kelele zake anazozikataa na nyingine anazozifuata.

Mkiwa na watu wawili au watatu wenye mahitaji tofauti, panga safari kwa kipimo cha yule anayechoka mapema zaidi. Mwenye nguvu atapata la kufanya.

Hatua ya pili: chagua mahali, halafu chagua saa

Saa ni kubwa kuliko mahali. Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, jioni hujaa watu, mihogo ya kukaanga, moshi wa makaa na muziki. Pahali hapo hapo, saa moja asubuhi siku ya Jumanne, utasikia majani. Chini kumetandikwa kabro (vitofali vya saruji), kwa hiyo kiti kinapita. Mibuyu ipo ya kutosha. Na meli za kuingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba unaona watu juu ya sitaha. Angalizo moja: meli hupiga honi. Mwambie mapema mtoto anayeshtuka, na hedifoni ziwe shingoni mwake tayari, zisiwe ndani ya mkoba.

Kwa kivuli, mimi nawapeleka Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa kabisa, mpaka René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mvinje ulikubali kuota kwenye mwamba mtupu, lakini majani yake membamba kama sindano yalianguka yakarundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Aliyeokoa jahazi ni jongoo, yule wa kawaida wa pwani mwenye miguu myekundu: aliletwa, akayala majani, na kinyesi chake ndicho kilichokuwa rutuba ya msitu mzima. Naieleza hadithi hii kwa sababu mbili. Kwanza, unatembea juu ya sakafu ya machimbo, kwa hiyo sehemu kubwa ni tambarare, jambo ambalo msukuma kiti atalishukuru. Pili, msitu wa mvinje una sauti yake. Upepo ukipita kwenye zile sindano hutoa mvumo mrefu wa chini, karibu na bahari ya mbali, na ardhi yenye zulia la majani humeza vishindo vya miguu. Kwa masikio yaliyochoka, hiyo ni dawa kabisa.

Ufuo nao una elimu yake, nitaurudia chini.

Walio Nairobi wana njia ya mbao iliyoinuliwa ya Nairobi Safari Walk, pembeni mwa lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wana Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Arboretum nendeni siku za kazi; wikendi vikundi vya maombi huimba na kukemea kwa sauti kubwa chini ya miti, na si haki kuwanyamazisha.

Kuhusu majira: Februari na Machi joto la Mombasa ni la kuepuka baada ya saa tatu asubuhi. Miezi ya kusi (upepo wa kusini), hasa Julai na Agosti, ina ubaridi mzuri, ingawa ufuoni mwani hurundikana na kunuka. Kuna wanaoikubali harufu hiyo, na kuna wanaotapika.

Hatua ya tatu: nenda ukapime peke yako

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayoharibu safari. Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayokwenda nayo. Chukua simu, futi kamba, chupa ya maji iliyojaa nusu, na fimbo iliyonyooka ya mita 1 na sentimita 20.

Anza na upana. Kiti kimoja kinahitaji njia ya sentimita 90 ili mikono ya mwenyewe isikwaruzwe. Mlango wa choo usipungue sentimita 80. Pa kugeuzia pawe na mita moja na nusu kila upande. Sasa miteremko: laza fimbo juu ya mteremko, ncha ya juu ikigusa chini. Inua ncha ya upande wa bondeni, chupa ikiwa imelazwa juu ya fimbo, mpaka maji ndani yake yakae sawa. Pima pengo lililo chini ya ile ncha uliyoiinua. Likizidi sentimita 10, huo mteremko umepita kipimo cha 1 kwa 12 kinachotumiwa kwa rampu, na utamchosha anayesukuma na kumtisha anayesukumwa. Walinzi watakushangaa. Mmoja aliniuliza kama serikali inataka kubomoa.

Kisha ingia chooni. Nasema ingia, usiulize langoni, kwa sababu utaambiwa “kipo” na kweli kipo, juu ya ngazi nne, cha kuchuchumaa, mlango wa sentimita 60. Choo kikishindikana, una njia mbili. Ya kwanza ni kufupisha safari iwe ya saa moja na nusu. Ya pili ni kubeba kiti cha choo cha kukunjwa, leso mbili na vibanio vinne vya nguo, ukatengeneza kichumba nyuma ya gari au kati ya miti miwili. Leso katika safari hizi hufanya kazi kumi: pazia, mwavuli, kifuniko cha kiti kilichopigwa na jua, na mtoto akizidiwa hujifunika gubigubi ndani yake.

Mwisho, keti dakika kumi bila kufanya lolote. Andika kila sauti, kila harufu, kila kinachomeremeta. Tafuta kona ya kupumulia, yaani mahali penye mgongo (ukuta au shina nene), kivuli, na upande mmoja tu wa kuingilia watu. Lazima ujue ilipo kabla ya siku yenyewe.

Ukiondoka piga picha sita: gari, lango, mti, mahali pa kula, choo, mlango wa nyumbani. Zichapishe kwenye duka lolote la fotokopi, zibandike kwenye kadibodi kwa mfuatano. Mpwa wangu huziangalia siku tatu mfululizo, na siku yenyewe hubandua moja baada ya nyingine. Picha ya mlango wa nyumbani ndiyo muhimu kuliko zote, maana inamwambia kuna mwisho.

Hatua ya nne: funga mzigo

Maji mengi kuliko unavyodhani. Kofia pana, miwani ya jua, hedifoni za kuzuia kelele (kama huna, za fundi wa useremala zinatosha). Pampu ya baiskeli na vibandiko vya pancha, kwani miiba haimhurumii mtu. Chakula kilekile alichokizoea mtoto. Matembezini si siku ya kumwonjesha kipya. Dawa za siku nzima, hata kama mnarudi saa tano. Beseni.

Chakula kiwe kwenye mkebe wenye mfuniko. Tumbili wa Bamburi wanajua sauti ya mfuko wa nailoni, na kunguru wa ufuoni hunyakua andazi mkononi mwa mtu huku unamtazama.

Kuna watu wanaohitaji uangalifu wao maalumu. Mwenye ualbino avae mikono mirefu, apake losheni ya kukinga jua kabla ya kutoka na arudie kila saa mbili. Kenya hutoa losheni hiyo bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa hiyo ulizia. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoi jasho vizuri, anaweza kupata joto la hatari huku ngozi yake ni kavu: beba chupa ya kunyunyizia na umloweshe shingo na mikono hata kama hajalalamika. Anayeketi kitini muda wote ajiinue au ainamishwe kila nusu saa ili ngozi ipumue. Mwenye kifafa asikae ukingoni mwa maji bila mtu. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, tazama saa, na zikipita dakika 5 ni hospitali.

Hatua ya tano: usafiri

Sisi tunatumia tuktuk. Kiti kinachokunjika kinaingia nyuma, mlango uko chini, na dereva ukimzoea mnakubaliana bei ya kwenda, kungoja na kurudi. Mwambie mapema kwamba atangoja. Dereva aliyeharakishwa humharakisha mgonjwa. Matatu za asubuhi sisi tumeziacha, kwa sababu tumekwisha kulipishwa nauli ya kiti kama abiria, na nyingine hazikusimama kabisa.

Kumhamisha aliyepooza upande mmoja, weka kiti upande wake wenye nguvu, funga breki, na umshike kiunoni kwa mkanda au shuka iliyokunjwa. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kwapa. Bega hilo limelegea na hutoka mahali pake kwa urahisi.

Langoni, onyesha kadi ya Baraza na uulize kama kuna msamaha wa kiingilio. Na kama mlinzi anakuambia kiti hakiruhusiwi, mkumbushe kwa upole kwamba Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Upole husaidia. Kutaja namba ya ibara husaidia zaidi.

Hatua ya sita: mkishafika

Dakika ishirini za kwanza msifanye chochote. Watu wetu wana haraka ya kuonyesha: “Tazama kile! Umeona? Sema umeona!” Mwache akae. Macho na masikio yake yanapanga vitu.

Baadaye anzeni na kimoja. Mbuyu ni mwalimu mzuri, kwa sababu unakubali kila hisia. Asiyeona aweke viganja vyote viwili kwenye gome: ni laini kuliko anavyotarajia, lina mikunjo kama goti la tembo, na asubuhi ni baridi. Mama yangu, mwenye mkono mmoja unaohisi, hufunga macho na kuupitisha taratibu kutoka juu kwenda chini, halafu anauchukua ule wa kushoto kwa ule wa kulia na kuuweka hapo hapo. Haelezi kwa nini. Mtoto naye anabisha hodi kwenye shina, anatega sikio, anabisha tena.

Unapomwongoza asiyeona, usimsukume wala kumvuta. Yeye ndiye anayekushika, juu kidogo ya kiwiko, akawa nusu hatua nyuma yako. Msimulie kwa namba za uso wa saa, kumi na mbili ikiwa mbele yake: “Bahari iko kwenye tatu yako, benchi kwenye kumi na mbili.” Kwa kiziwi, ketini nusu duara na anayeongea kwa ishara jua limpige usoni, lisiwe mgongoni kwake, na msiongee na mkalimani kana kwamba mwenyewe hayupo.

Mchezo unaotufaa sote ni ramani ya sauti. Kila mmoja ana karatasi na nukta katikati, ambayo ni yeye. Sauti ikitoka kushoto anachora alama kushoto, ikiwa mbali anachora mbali. Asiyeweza kushika kalamu anaonyesha kwa kidole au kwa macho. Kuna siku Mama alikuwa na alama saba na mimi nikawa na tatu.

Jongoo akionekana, mruhusuni apite kwenye kiganja. Miguu yake hutekenya kama brashi laini. Akijikunja, mwacheni, akiudhika hutoa majimaji yenye kuacha doa, kwa hiyo mikono ioshwe kabla haijafika machoni.

Ufuo una elimu yake

Mchanga mkavu ni adui wa gurudumu. Mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni karibu lami. Kwa hiyo siri yote ni kujua kupwa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwetu Mombasa siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, yakaacha uwanja mpana mgumu. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu, yaani maji hupanda na kushuka kidogo tu, na asubuhi hiyo utakuta bahari imejaa: nzuri kwa kuketi kivulini na kusikiliza, mbaya kwa kiti. Mvuvi yeyote atakuambia saa ya leo kwa kutazama tu.

Fika saa moja kabla ya kupwa, na maji yakianza kurudi nanyi rudini. Yakianza huja haraka kuliko kiti kinavyosukumika.

Kuvuka ule mchanga mkavu wa juu kuna njia mbili. Geuza kiti kiende kinyumenyume, ukivute, magurudumu makubwa yatangulie na yale madogo ya mbele yainuke kidogo. Au tumia majamvi mawili ya miyaa: kiti kiko juu ya la kwanza, la pili limetandikwa mbele, kinapanda la pili, la kwanza linachukuliwa na kuwekwa mbele. Mkeka wa plastiki huteleza, usijaribu. Na ukirudi, osha magurudumu kwa maji yasiyo na chumvi na upake mafuta, la sivyo chumvi itakula beringi ndani ya mwezi.

Kama hata hivyo kiti hakifiki, bahari iletwe. Mara ya kwanza tulimletea Mama beseni, tukaweka kivulini, tukamtumbukiza miguu yote miwili. Mpwa wangu akaleta mchanga kwa kikombe, akaumimina ndani, kikombe baada ya kikombe, bila kusema neno, mpaka vidole vya bibi yake vikafunikwa. Walikaa hivyo karibu nusu saa. Mguu usiohisi uukague kabla na baada, kati ya vidole hasa: ganda dogo linaweza kuchana na mwenyewe asijue.

Hatua ya saba: mtoto akizidiwa

Dalili huanza mapema. Kwa wetu ni kuuliza swali lilelile, kisha kutembea duara, kisha ukimya. Ukiona ya pili, nendeni kwenye ile kona. Punguzeni maneno. Mtu mmoja tu abaki naye, asimguse mpaka atake. Usiseme “nyamaza,” usiahidi pipi. Mpe hedifoni na leso, ngojeni. Inaweza kuchukua dakika tano au arobaini.

Watu watakusanyika, na hapa pwani atatokea mmoja wa kusema ana jini. Mimi nina sentensi moja niliyoizoea: “Kelele zimemzidi, tunaomba nafasi.” Siongezi. Nikianza kueleza usonji ni nini, wanaongezeka.

Kisha amua kama mnaendelea au mnarudi. Mara nyingi mimi hurudi. Na hata kama mambo ni mazuri, tunaondoka wakati bado anataka kukaa kidogo, ili picha ya mlango isiwe picha ya kuokolewa.

Hatua ya nane: daftari

Usiku uleule, kabla hujasahau, andika. Yangu ya wiki iliyopita inasema hivi: Mbuyu wa tatu, kivuli hadi saa tatu na nusu. Honi mara moja, alishtuka, hakulia. Choo hakina sabuni, bebeni. Gurudumu la kushoto linalia. Mama anataka beseni kubwa zaidi, ili na mtoto aingize miguu yake.